Mtihani wa Elia Sebuleni Kwangu

Watu wanaosimulia maisha yao huanza na ujana, mwaka fulani walipokuwa na nguvu na nywele nyeusi, wakasema mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu. Mimi mwaka wangu ulinikuta na mvi tayari, na goti linalotabiri mvua kuliko redio. Ni mwaka ule uliofuata maradhi ya barakoa, mwaka ambao Elia alipanga chumba kwangu Mkonze. Ningeuacha ulale. Lakini mwezi uliopita Elia alikuja kunisalimu, amebeba kikapu cha zabibu kutoka Hombolo anakofundisha siku hizi, na nyuma yake msichana mmoja mrefu, mpole, anaitwa Neema, ambaye Elia alimfundisha hesabu sekondari na sasa keshamaliza chuo kikuu hapa hapa Dodoma. Wakakaa. Tukaulizana habari za mvua, maana sisi watu wa huku tunaiulizia mvua kabla ya kuulizia watoto. Kisha Elia akamgeukia yule binti, akanionyesha mimi kwa mkono wazi, kama mtu anayeonyesha kanisa jipya. "Huyu ndiye bibi niliyekwambia. Shahidi yangu. Wale watu waliponiita mwongo, huyu peke yake alisimama na mimi, akaweka na sahihi." Yule binti akainuka kwenye kiti akaja kunishika mikono yote miwili. "Shikamoo tena, bibi," akasema. Nikaitikia marahaba huku zabibu iko mdomoni.

Walikuwa na jambo lao. Neema anataka kwenda ng'ambo kusomea shahada ya pili, na chuo anachokitaka bado kinadai ule mtihani ambao Elia aliufanya kwangu. Elia akasema vyuo vingi vya huko siku hizi vimeshauacha, hata kile alichokuwa anakiomba yeye kimeuacha, kwa hiyo Neema akatafute hivyo. "Lakini mwalimu," Neema akasema, taratibu, "chenye kozi yangu ni hiki. Na mwisho wa kujiandikisha ni mwisho wa mwezi." Elia akacheka, kicheko ambacho hakuwa nacho zamani. "Utasoma miezi sita, utafaulu, halafu watakwambia wameona jini chumbani. Ule mtihani si wa watu kama sisi. Bibi, mwambie. Wewe ulikuwepo." Wakanitazama wote wawili. Na mimi, mtu mzima, ninayekwenda kanisani kila Jumapili na kukaa benchi la mbele, nikasema: "Mwalimu wako anajua zaidi, mjukuu wangu." Basi. Neema akainamisha kichwa. Wakala wali, wakaondoka, na mimi nikabaki na kikapu cha zabibu ambazo mpaka zinaharibika sikuzigusa tena.

Sasa nieleze ilivyokuwa. Elia alikuja kwangu akiwa kijana, mwalimu wa muda wa shule binafsi, suruali moja nzuri na masanduku mawili ya vitabu. Nilimpa chumba cha uani, kile cha karibu na banda la kuku, na mwezi wa kwanza tulisalimiana tu. Mwezi wa pili nikamkuta anakula mkate mkavu na maji, nikamwambia mimi sipiki ugali wa mtu mmoja, ugali wa mtu mmoja ni uji ulioganda, njoo ule. Ndivyo ilivyoanza. Jioni tunakula ugali wa uwele na mlenda mezani jikoni, yeye ananihadithia mambo ya maji. Huyo kijana maji yalikuwa ugonjwa wake. Alikuwa anataka kusomea maji yaliyo chini ya ardhi, kwa nini kisima hiki kina chumvi na kile cha hatua mia mbili ni kitamu, kwa nini watoto wa vijiji fulani meno yao yana rangi ya chai. Nilimwambia mimi najua kwa nini, ni Mungu. Akasema, "Sawa bibi, lakini nataka kujua ametumia njia gani." Nilimpenda siku ile. Mtu anayejibu hivyo bila kumdharau Mungu wala bibi yake si wa kumwacha ale mkate mkavu.

Kwenda kusoma huko kulitaka mambo mengi, barua, vyeti, lakini kubwa lilikuwa mtihani. Nilidhani ni mtihani wa maji. Kumbe hapana, ni mtihani wa kila mtu, anayetaka kusomea maji na anayetaka kusomea mashairi wanakaa mtihani huo huo: hesabu, Kiingereza, na kuandika insha. Nikamuuliza una maana gani. Akaweka kijiko chini. "Bibi, cheti changu cha hapa wao hawakijui. Wakiona alama zangu hawawezi kujua ni kubwa au ni ndogo. Lakini huu mtihani, mtoto wa huko na mimi wa Kibaigwa tunapimwa kwa pishi moja. Nikijaza pishi, nimejaza. Hakuna wa kuniuliza baba yako nani." Mimi nimeuza karanga sokoni miaka mingi, najua pishi. Najua pishi inaweza kuwa moja na bado huyu kavuna shamba la mbolea, yule kavuna la kokoto. Nikamwambia hivyo. Akasema anajua, na kwa hiyo lazima yeye alime zaidi. Na alilima, jamani. Alibandika karatasi za maneno ya Kiingereza ukutani mwa chumba chake mpaka ukuta ukawa kama ndege aliyevimbisha manyoya. Alfajiri nikifagia uwanja namsikia anayataja anapooga, maneno marefu, magumu, ambayo alisema hata wenyewe Waingereza hawayasemi nyumbani kwao. Jirani yangu aliniuliza kama mpangaji wangu ameokoka na kunena kwa lugha.

Kwa ajili ya yale maradhi, wenye mtihani walikuwa wameruhusu watu waufanyie nyumbani, kwenye kompyuta, huku msimamizi yuko huko ng'ambo anakutazama kwa kamera. Chumba cha Elia mtandao ulikuwa hauingii vizuri, na kuku hawajui mtihani. Akaniomba sebule. Sebule yangu ina mlango wa mbao unaofunga lakini ufunguo wake ulipotea siku nyingi. Nikampa kwa moyo mweupe. Siku moja kabla akaniweka chini, akaniambia kama anayemwambia mtoto: "Bibi, kesho kuanzia saa nane mchana, kwa muda wa saa nne nzima, mtu asiingie. Hata wewe. Hata paka. Akiingia mtu wanafuta." Nikasema nimesikia. "Hata kama nyumba inaungua?" nikamtania. "Ikiungua niite kwa dirishani," akasema, tukacheka.

Siku yenyewe, Jumamosi, nilisimama mlangoni kabla hajaanza, nikaona anavyoizungusha kompyuta kumwonyesha yule msimamizi chumba chote, ukuta huu, ukuta ule, chini ya meza, dari. Ilibidi atoe kalenda. Ilibidi televisheni ifunikwe kitenge. Na picha ya marehemu mume wangu iliyokuwa ukutani nayo ikaamriwa itoke. Nikaichukua mwenyewe, nikaenda kuilaza kitandani, nikamwambia, baba Anjela, huko nje umefukuzwa, hata wafu wanaangalizia. Kilichobaki ni meza, kiti, na kabati langu la vioo pale nyuma ya mgongo wake, maana lile kabati watu wanne hawalitikisi. Mlango ukafungwa. Nyumba ikanyamaza. Nikakaa jikoni nachambua mlenda kama mtu aliyewekwa lindo.

Haikupita saa mbili nikasikia hodi ya uani, na sauti ile naijua. Mzee Yona, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ametoka Gulwe kwa treni, bila taarifa, kofia mkononi. Lazima niseme kitu hapa, vinginevyo mtu hataelewa. Nilipofiwa, huyu mzee alisema mbele ya ukoo kwamba mwanamke peke yake hawezi kuishika nyumba, itakufa mikononi mwake, heri iuzwe nirudi kwa ndugu zangu. Hakuiuza kwa sababu watu wengine walimkatalia. Tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga kwangu. Na leo, siku hii moja kati ya siku zote, amekuja.

"Mbukwa, shemeji," akanisalimu kwa kilugha chetu. Nikapiga goti kidogo, nikamsalimu, nikamvutia kigoda pale uani karibu na jiko. Akakitazama kile kigoda.

"Tangu lini mkubwa wa nyumba anapokelewa kwenye moshi?"

"Shemeji, samahani sana. Sebuleni kuna kijana anafanya mtihani."

"Mtihani." Akakaa polepole. "Shule zimejaa?"

"Ni wa kompyuta, shemeji. Wa kwenda Ulaya. Asiingie mtu."

"Kwa hiyo mdogo wangu alijenga sebule ili mpangaji aketi ndani na mimi nikae na kuku." Akacheka kidogo. "Haya. Nilisema mimi. Watu wakaniona mbaya."

Nikamtilia chai kwenye kikombe cha plastiki, kile cha bluu tunachonywea wenyewe, maana vikombe vya wageni, vile vya udongo vyenye mstari wa dhahabu, vilikuwa ndani ya kabati sebuleni pamoja na sinia lake. Kwetu mgeni wa heshima hanyweshwi kwa plastiki. Hakuna aliyeandika sheria hiyo lakini kila mtu anaisoma. Mzee Yona akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakitazama chini kama anayetafuta ufa, kisha akakiweka mchangani bila kunywa. Angenitukana ningevumilia. Ile chai ikakaa pale inapoa, nzi akaja, na mimi nikaona nyumba yangu yote, miaka yote niliyouza karanga kuilinda, imekaa mchangani ndani ya kikombe cha bluu.

Nikavua ndala. Hilo ndilo linanihukumu zaidi, kwamba nilivua ndala. Aliyepitiwa havui ndala. Nikapita kwenye korido, nikasukuma mlango, haukulia, niliupaka mafuta mwenyewe wiki ile ile ili usimsumbue Elia. Alikuwa amenipa mgongo, ameinama anaandika hesabu kwenye kibao cheupe walichomruhusu kuandikia, shati limelowa. Nikamwazia yule msimamizi: atakuwa anaona uso wa kijana, ataonaje nyuma? Hatua nne mpaka kabatini. Nikafungua kioo, nikatoa sinia, vikombe viwili, visahani viwili. Kikombe kimoja kikagusa kingine, ting, kidogo tu. Elia akakuna shingo. Hakugeuka. Nikatoka kinyumenyume kama mtu anayetoka kwa mfalme.

Na nitasema ukweli wote: chai ile ilikuwa tamu. Mzee Yona alipoona sinia na vile vikombe alisogeza kofia nyuma. Alikunywa vikombe vitatu. Alisifu maandazi. Alitazama bati, akatazama ukuta, akasema, "Shemeji, nyumba bado ina mwenyewe." Nilisubiri neno lile miaka kumi na moja. Nilipomsindikiza kituoni nilitembea kama bibi harusi.

Elia alitoka saa kumi na mbili jioni, macho mekundu, akanikumbatia palepale jikoni. Kompyuta ilikuwa imemwonyesha alama palepale, za hesabu na za maneno, na zilikuwa nzuri kuliko alivyoomba. Alirukaruka. "Nimejaza pishi, bibi! Nimejaza na ikamwagika!" Tulichinja jogoo. Nilikula paja na roho yangu imetulia kabisa, nikisema moyoni, umeona, hakuna aliyeona.

Wiki mbili baadaye aliingia jikoni na simu mkononi. "Wamefuta, bibi." Alikuwa anasoma tena na tena. Barua pepe ilisema kwenye picha za kamera ameonekana mtu mwingine chumbani, hivyo alama zake hazitatolewa. Akakaa kwenye kigoda kile kile alichokalia Mzee Yona. Akafikiri. Kisha akaniuliza, bila ukali, akinitazama usoni: "Bibi, siku ile kuna mtu aliingia?"

Nikasema, "Nani aingie?"

Ona ujanja wa mdomo. Sikusema hapana. Nilijibu swali kwa swali, na usiku ule niliposali nilimwambia Mungu kwamba sijadanganya. Elia akapiga paja. "Basi ni kioo cha kabati! Wameona kivuli changu mwenyewe kwenye kioo, wakadhani ni mtu. Ningelifunika kitenge." Alijilaumu siku tatu kwa kutofunika kabati. Nilimpikia vizuri siku hizo.

Kisha akasema atakata rufaa. Akaandika barua, na kwa kuwa sisi huku hatujui jambo kubwa lisilo na mhuri, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Barua ilisema mimi, mwenye nyumba, nilikuwepo muda wote, na nathibitisha hakuna aliyeingia. Mwenyekiti akauliza, "Mama, ni kweli?" Elia alikuwa amesimama kando yangu, amevaa ile suruali nzuri. Ningesema pale, ingekuwa aibu ya watu watatu. Nikachukua kalamu. Sahihi yangu ni jina langu lote kwa herufi kubwa, ndivyo nilivyofundishwa darasa la pili, na inachukua muda mrefu. Kila herufi ilikuwa nafasi ya kuacha, na sikuacha. Mhuri ukagongwa. Elia akaipiga picha akaituma huko ng'ambo, mhuri wa mtaa wa Mkonze kwa watu wenye picha ya mgongo wangu.

Majibu yalikuja mafupi. Wamechunguza tena, mtu alionekana, uamuzi haubadiliki. Chuo nacho hakikuwa na muda wa kungoja. Wangemruhusu kurudia baadaye, lakini Elia alikuwa ameapa. Alisema atawezaje kurudia kwa watu wanaoona kisichokuwepo. Ile pishi yake aliyoiamini kuliko cheti, kuliko mapadri na wabunge, ilikuwa imemgeuka. Alibandua karatasi ukutani moja moja. Mwisho wa mwaka akapata kazi Hombolo akahama, na alipokuwa anapakia masanduku alinishukuru kwa kumtetea.

Hayo ndiyo niliyokaa nayo. Na labda ningekaa nayo mpaka kaburini, maana dhambi ikikaa muda mrefu inapata kiti chake ndani ya nyumba, unaizunguka tu unapofagia. Lakini Neema alinishika mikono. Baada ya ile ziara sikulala vizuri wiki nzima, nikihesabu siku zilizobaki kabla mwezi haujaisha. Ya Elia yalikuwa yameshaharibika. Ya huyu binti yalikuwa bado, na mimi nilikuwa nimeshayatia mkono, kwa sentensi moja, na wali juu yake. Siku ya nane nikampigia Elia nikamwambia njoo, njoo peke yako.

Alidhani naumwa, akaja na dawa. Nikamwambia akae. Nikamwambia yote, kama nilivyoandika hapa, ndala, mlango, ting. Sikulia, kwa sababu nilijua nikilia atanibembeleza na nitakuwa nimemwibia tena. Alisikiliza akitazama sakafu. Nilipomaliza kuku walikuwa wameingia ndani na kutoka.

"Kwa vikombe, bibi?"

"Kwa vikombe."

"Miaka yote hii nimelaumu kioo." Akajipangusa uso. "Wanafunzi wangu wote nimewaambia. Darasa kwa darasa. Nimewaambia wale watu ni waongo."

"Najua."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza hapo hapo ulipokaa. Ningeandika ukweli, bibi ameingia kuchukua vyombo, tazameni picha, ana sinia. Pengine wangenipa kurudia bure. Pengine wasingenipa. Lakini ningekuwa najua walichokiona!"

"Niliona aibu, Elia. Halafu aibu ikazoea."

"Nilikuwa nimepata," akasema, na sauti ikampasuka. "Bibi, nilikuwa nimepata."

Nikamwomba msamaha, akatikisa kichwa, sijui kwa maana ya kukubali au kukataa, nami sikumuuliza, maana msamaha wa kuulizia si wangu kudai. Akatoka nje. Nilidhani anaondoka. Kumbe alisimama uani, mgongo kwenye ukuta wa jikoni, akapiga simu, na dirisha langu halina kioo, lina wavu tu. Sikukusudia kusikiliza. Lakini nikasikiliza.

"Neema. Umeshajiandikisha mahali?... Basi jiandikishe ule mtihani. Leo... Ndiyo, ule ule... Najua nilichosema. Nilisema vibaya." Akasikiliza, yule binti anaongea upande wa pili. "Hapana, hawakunionea. Waliona kweli, mtu aliingia... Mimi nimejua leo... Hapana, hakuwa mwizi, ni mtu wa nyumbani." Kisha akasema, polepole, kama anayesomea darasa imla: "Sikiliza. Ukifanyia nyumbani, funga mlango kwa ufunguo, na ufunguo kaa nao mwenyewe. Usimpe hata mtu anayekupikia."